Mwalimu wetu wa tafakuri anasema presha yangu inapandishwa na siasa

Shikamoo shangazi,

Nina miaka 46. Niko kwenye kikundi cha watu 23 tunaokutana kila Alhamisi jioni: nusu saa ya ukimya, sala, kisha mazungumzo. Mwalimu wetu ni mtu mzima, mpole, na ndiye aliyenishika mkono nilipofiwa na mume. Naomba usimvunjie heshima.

Tangu uchaguzi ukaribie mambo yamebadilika. Kwenye kundi letu la simu anatuma ujumbe wa siasa asubuhi na usiku: mgombea fulani ameletwa na nuru, mwingine anatumikia giza, chanjo ni njama, na asiyeyaona hayo "bado amelala". Mimi msimamo wangu ni tofauti kabisa. Nimemjibu mara tatu kwa hasira, usiku wa manane. Watu wakagawanyika, wawili wakajitoa.

Jambo la pili ni afya. Natumia haidroklorothiazidi miligramu 25 kila asubuhi, na presha ilikuwa imetulia kwenye 132/84. Wiki sita zilizopita mwalimu alinipa pakiti ya mizizi ya kusafisha mwili. Haina maandishi yoyote. Ndani mna vijiti vya manjano vitamu, anasema ni urukususu, pamoja na mizizi mingine. Nachemsha konzi moja, nakunywa vikombe vinne kwa siku. Sasa presha inasoma 156/98, jioni soksi zinaacha alama miguuni, na nikipanda ngazi mapaja yanalegea. Nilipomweleza, akasema huo ni uchungu wa siasa nilioubeba moyoni. Niache vidonge, niungane na wenzangu kwenye mfungo wa siku tatu wa maji matupu kuombea uchaguzi.

Nauliza: hasira inaweza kunifanya hivi? Nifunge? Na nikiacha kikundi, si nitakuwa nimemwacha Mungu kwa ajili ya siasa?

Wako, wa njia panda

*

Marahaba, mwanangu.

Chai hiyo iache leo. Vidonge usiviache. Mengine tutayazungumza kwa nafasi, ila hayo mawili yasingoje Alhamisi.

Urukususu, ule wenye utamu wake wa asili, una kitu kiitwacho glisirizini. Mwilini mwako kuna homoni ya kortisoli, na figo zina kimeng'enya kinachoizima ili isijifanye aldosteroni, homoni inayoziamuru figo kubakiza chumvi na kutupa potasiamu. Glisirizini humfunga mikono mlinzi huyo. Chumvi inabaki na maji yanaifuata: presha juu, soksi zinaacha alama. Potasiamu inatoka na mkojo: misuli inakosa nguvu, na misuli mikubwa ya mapaja ndiyo hulalamika mapema, hasa kwenye ngazi. Sasa ongeza kidonge chako. Haidroklorothiazidi, katika kazi yake ya kawaida, nayo hutoa potasiamu. Una mifereji miwili inayomwaga kitu kimoja. Potasiamu ikishuka sana, mapigo ya moyo huvurugika, na hilo linanitisha kuliko hiyo 156.

Wataalamu wa usalama wa chakula wa Umoja wa Ulaya walishauri mtu asizidishe miligramu 100 za asidi ya glisirizini kwa siku. Kiasi hicho kinaweza kupatikana kwenye gramu chache tu za mzizi mkavu, kutegemea mzizi wenyewe. Wewe unachemsha konzi.

Hasira je? Hasira hupandisha presha, ni kweli, lakini kwa dakika au saa, kisha inashuka. Haijai miguuni jioni, wala hailegezi mapaja. Ukiamka umelala vizuri, hujagusa simu, na mashine bado inasoma juu siku baada ya siku, hasira hiyo inafanya kazi saa ngapi? Mwalimu wako ameiona namba ya kweli akaipa sababu iliyokuwa mkononi mwake.

Ndani ya siku moja au mbili nenda kliniki ukapimwe damu: potasiamu, sodiamu na kreatinini. Omba pia kipimo cha umeme wa moyo. Potasiamu kwa kawaida huwa kati ya 3.5 na 5.0 milimoli kwa lita. Beba pakiti yenyewe na kidonge chenyewe, usisimulie kwa kichwa. Sema kwa sentensi moja isiyo na aibu: "Nimekunywa mizizi ya urukususu vikombe vinne kwa siku kwa wiki sita, pamoja na haidroklorothiazidi 25." Wengi husema tu "natumia mitishamba kidogo", na hapo daktari anaongeza dozi ya presha ilhali tatizo liko kwenye sufuria. Usijitibu kwa vidonge vya potasiamu kabla ya majibu. Ikizidi nayo huuathiri moyo.

Usingoje miadi, nenda hospitali saa hiyohiyo, ukiona moyo unaruka mapigo au unakimbia bila sababu, ukizimia, ukishindwa kuinuka kwenye kiti, au presha ikifika 180/120 pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, kichwa kikali, kuona ukungu au ganzi ya upande mmoja.

Nyumbani pima hivi. Usinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla. Nenda haja ndogo. Kaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili sakafuni, mkono juu ya meza usawa wa moyo, kitambaa cha mashine kwenye ngozi na si juu ya shati. Usizungumze. Pima mara mbili kwa tofauti ya dakika moja, asubuhi kabla ya kidonge na tena jioni, kwa siku saba. Namba za siku ya kwanza zitupe, zilizobaki tafuta wastani. Kwa vipimo vya nyumbani, wastani wa 135/85 kwenda juu ni presha ya kushughulikiwa. Kosa kubwa ni kupima mara tu baada ya kusoma kundi la simu. Hapo unapima kundi, hupimi presha. Na usikate tamaa siku ya tatu ukiona haijashuka, maana athari ya urukususu hukaa hadi wiki mbili au zaidi baada ya kuacha. Miguu ikibaki imevimba kupita hapo, kuna sababu nyingine ya kutafutwa.

Kuhusu ile "mizizi mingine". Hapo ndipo ningemkazia mwalimu macho, kwa heshima. Pakiti isiyo na jina haifai kuingia sufuriani hata kama imeombewa. Uliza jina la kila mmea, likiwemo la kisayansi, sehemu iliyotumika (mzizi, gome, jani au mbegu), gramu ngapi kwa siku, na kwa siku ngapi. Akishindwa moja, mazungumzo yameisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kliniki moja ya kupunguza unene huko Ubelgiji iliwapa wanawake mchanganyiko uliotakiwa kuwa na mmea wa Stephania, lakini kwa kufanana kwa majina ya Kichina ukaingia Aristolochia. Figo zao ziliharibika, na baadhi baadaye wakapata saratani ya njia ya mkojo. Aliyechanganya hakuwa na nia mbaya, na kwenye pakiti mimea ilionekana vilevile.

Sisemi mitishamba ni upuuzi. Tu Youyou alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa dawa ya malaria iliyotoka kwenye mmea wa Artemisia annua. Lakini tazama kazi ilikuwa wapi: kujua ni kemikali gani, kuitoa bila kuiharibu kwa joto, na kujua kipimo. Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai ya mmea huohuo kwa malaria, kwa sababu dawa iliyomo kikombeni haitabiriki. Mmea wenye nguvu ya kuponya una nguvu ya kudhuru. Usio na nguvu yoyote ndio usiodhuru, na huo hauna haja ya kuuzwa.

Waulize pia wenzako 22 wanakunywa nini. Mfano mmoja tu: Hypericum perforatum, inayopendwa kwa huzuni nyepesi, huliamsha ini liziondoe dawa nyingine upesi. Vidonge vya kuzuia mimba hupungua nguvu, dawa kadhaa za VVU pia, na za waliopandikizwa figo. Ikichanganywa na dawa za sonona inaweza kuleta kutetemeka, homa na kuchanganyikiwa. Na mtu yeyote anayesubiri upasuaji amtajie daktari wa usingizi kila mmea anaotumia, wiki mbili kabla, zikiwemo tembe za vitunguu saumu na za ginkgo, maana zinaweza kuongeza kutoka damu.

Mfungo: hapana, wewe usifunge. Maji matupu siku tatu, juu ya kidonge kinachotoa maji na potasiamu ambayo huenda iko chini tayari, ni kutafuta kuanguka bafuni. Wengine wasiofaa kufunga hivyo ni wajawazito, wanaonyonyesha, waliowahi kuwa na tatizo la kujinyima kula, wanaotumia lithiamu, na wenye kisukari wanaotumia insulini au vidonge kama glibenklamidi, ambavyo huendelea kushusha sukari hata kama hujala. Mwenye kisukari aliyeruhusiwa na daktari wake kufunga apime, na afungue papo hapo sukari ikiwa chini ya miligramu 70 kwa desilita (3.9 milimoli kwa lita) au juu ya 300 (16.6). Kikundi kinachoitisha mfungo bila kuuliza nani anatumia dawa gani kimeshafanya kosa kabla ya sala ya kwanza. Wewe unaweza kufunga simu siku tatu. Sikutanii, kwa hali yenu huo ndio mfungo unaouma.

Sasa tuje kwenye kiini. Mambo matatu yamefungwa kwenye furushi moja: ukimya wa Alhamisi, mizizi, na kura. Mwalimu alipata imani yako kwenye msiba, mahali pa haki kabisa. Imani hiyo sasa inatumika kulipia vitu ambavyo haikuvinunua. Mtu kukushika mkono wakati wa kilio hakumfanyi ajue kazi ya figo, wala ajue nani atahesabu kura vizuri. Kila dai lilipe nauli yake.

Mseto huu haukuanzia kwenu. Mwaka 2011 watafiti Charlotte Ward na David Voas waliueleza: imani za kiroho za siku hizi zikikutana na imani za njama. Vinashikana kirahisi kwa sababu vyote vinasema hakuna kinachotokea kwa bahati, mambo sivyo yanavyoonekana, na wachache walioamka ndio wanaoona. Kwenye tafakuri, kuona kwamba vitu vimeunganika kunaweza kukupa utulivu. Lihamishe wazo hilohilo kwenye taarifa ya habari na kila ajali inakuwa mpango wa mtu. Neno "amelala" ndilo gundi. Likishatumika, kukupinga hakuhitaji hoja tena, unahesabiwa tu umesinzia.

Hii haina maana dini na siasa hazifai kukaa chumba kimoja. Mahatma Gandhi aliamini tiba asili kuliko mwalimu wako: tope la tumboni, maji, mfungo. Sala yake na siasa yake hazikutengana. Januari 1924, akiwa mfungwa wa Waingereza, kidole tumbo kilimshika, akakubali kupasuliwa na daktari Mwingereza katika hospitali ya Sassoon mjini Poona. Kisu kilikuwa cha utawala uleule aliokuwa akiupinga, na tumbo lilikuwa lake. Alijua swali lipi linajibiwa na nani.

Kwa hiyo nenda kwa mwalimu, peke yako, uso kwa uso, mchana, baada ya majibu ya damu. Usiende na siasa na mizizi kwa pamoja. Atajibu lile jepesi na kuliacha zito. Anza na mizizi: "Mwalimu, nimekuja kama mwanao. Hospitali wameona mizizi hii imenipandisha presha pamoja na kidonge changu. Nakuomba mambo mawili: usimpe mwenye presha urukususu, na usimwambie mtu aache dawa kabla hajaonana na aliyemwandikia." Kisha nyamaza. Hata akikasirika, umeshalinda mtu mwingine. Ombi la pili lina sababu: kuna dawa za presha, kama propranololi na klonidini, ambazo ukizikata ghafla presha au moyo hurudi kwa kishindo. Akikubali hayo, mzee huyo ana masikio. Akisema hospitali nao wamelala, umepata jibu la swali lako la tatu bila mimi.

Siasa iende kwa njia nyingine, kwenye kikundi, na ianze na wewe kukiri zile jumbe tatu za usiku wa manane. Sentensi moja yatosha: "Nilijibu kwa hasira, samahani kwa lugha, msimamo wangu ni uleule." Wengi huomba radhi mpaka wanajikana. Kuanzia sasa jibu lolote liandike kwenye daftari, ulisome baada ya ukimya wa asubuhi, ndipo uamue. Mengi yatakufa daftarini.

Halafu pendekezeni makundi mawili ya simu. La kwanza ni la ratiba, sala, wagonjwa na misiba. La pili ni la siasa, anayetaka anaingia, asiyetaka haulizwi. Msimamizi wa lile la kwanza asiwe mwalimu. Awe mtu anayefuta ujumbe uliopotea njia bila hotuba. Utaratibu huu huharibika kwa namna mbili ninazozijua. Kuna wakati kundi la siasa linakuwa ndiyo nyumba yenyewe na la sala linabaki na matangazo ya saa. Dalili yake ni watu kuja Alhamisi wakiendeleza mjadala wa jana. Na kuna siasa inayoingia kupitia sala: "Ee Mungu, waamshe waliolala." Hiyo ni kampeni iliyofumba macho. Kubalianeni kwamba sala ya pamoja haitaji mgombea wala chama. Waombeeni wapiga kura, wahesabu kura, watakaoshindwa na watakaoumia, na hapo kila mmoja anaweza kusema amina bila kujikwaa.

Lakini jihadharini na amani ya bandia. Mwanasaikolojia John Welwood, miaka ya 1980, alionya juu ya watu wanaotumia mambo ya kiroho kukwepa maumivu ambayo hawajayagusa. Mwenzenu akisimulia jinsi sheria fulani ilivyomwondolea kazi, hajaleta siasa, ameleta maisha yake, na "tusivuruge mtetemo" ni namna ya kumfunga mdomo. Tofauti ni rahisi: anayesimulia lililompata anasikilizwa, anayesambaza alichotumiwa anaelekezwa kundi la pili.

Mazungumzo yenu ya baada ya ukimya yapeni mpangilio. Waquaker, Wakristo wanaoabudu kwa ukimya, wana desturi ya kuacha kimya kati ya msemaji na msemaji. Jaribuni dakika mbili za kusema, dakika moja ya kimya, na hakuna kurudia zamu mpaka wote waliotaka wamesema. Mwalimu asiwe wa kwanza wala wa mwisho. Wa kwanza hutoa wimbo, wa mwisho hutoa hukumu.

Ujumbe wa chanjo, kwa maoni yangu, usiubishie kundini. Huo ni dai la afya lililovaa shati la siasa. Uliza kwa upole: chanjo ipi, ya ugonjwa gani, nani amesema, lini? "Chanjo" kwa jumla haibishaniki. Ndui inabishanika: mgonjwa wa mwisho wa maambukizi ya kawaida alipatikana Somalia mwaka 1977, na mwaka 1980 ugonjwa ukatangazwa umetokomezwa kwa chanjo. Watu huhama msimamo kwa mazungumzo ya wawili, mara chache sana mbele ya mashahidi 20.

Na Mungu umemwacha? Ukimya wa nusu saa ni wako. Ulikuwa unaufanya wewe, kwa pumzi zako. Ufanye nyumbani siku sita nyingine, saa ileile, simu ikiwa chumba kingine. Dakika 10 za mwanzo vuta pumzi sekunde tano, toa sekunde tano, yaani pumzi sita kwa dakika. Hupunguza presha kidogo, haitoshi kuchukua nafasi ya kidonge, na haigombani nacho. Kizunguzungu kikija, unavuta kwa nguvu mno, legeza.

Alhamisi nenda, kama majibu ya damu yanakuruhusu kutoka. Jipe vikao vitatu. Kaa karibu na mlango, beba chupa yako ya maji, usipokee pakiti. Tazama kama mwalimu ameacha kugawa mizizi kwa wenye dawa, na kama mtu mwenye kura tofauti anaweza kumaliza dakika zake mbili bila mtu kuguna. Kikao cha tatu kikiisha na yote mawili hayapo, muage mwenyewe, kwa mdomo, umshukuru kwa ule msiba. Kisha watafute wale wawili waliojitoa. Watatu mnatosha kukaa kimya nusu saa.

Shangazi